Chupa Nne za Maji Mlimani

Kila asubuhi nyumbani kwao, kabla hujamaliza kuuliza nani ataosha vyombo, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshajibu, "Mimi!" Ndiyo maana wakamwita Kiherehere. Kuanza kazi alijua sana; kuimaliza ndiko kulikomshinda.

Likizo hiyo alisafiri na bibi yake, mkunga mstaafu, hadi kwenye mlima mtakatifu. Bibi alikuwa ameugua mwaka mzima. Alipopona aliweka nadhiri kwamba ataupanda mlima ule, amshukuru Mungu kileleni jua likichomoza.

Walianza kupanda kungali giza, wakiongozwa na baba mmoja mpole aliyezoea kupandisha wageni.

"Nani atabeba maji?" aliuliza. Zilikuwa chupa nne kubwa.

"Mimi!"

"Mjukuu wangu, mazito hayo," Bibi alimwonya.

"Bibi, mimi si mtoto!"

Baada ya saa moja mikanda ya begi ilimkata mabega, lakini aliona aibu kusema. Walipopumzika, alijifanya anakwenda kujisaidia, akamwaga chupa tatu nyuma ya mwamba. Kutoka hapo alitangulia mbele akipiga mluzi, mpaka mwongozaji akamkumbusha kuwa mlimani pale watu hutulia.

Karibu na kilele, Bibi aliketi ghafla. Miguu ilikuwa imemkaza, midomo imemkauka. "Nipe maji, mama."

Kiherehere alishtuka; akifungua begi, chupa tatu tupu zitaonekana. "Bibi... chupa zimevuja. Zote."

Mwongozaji alitikisa chupa yake; yalibaki mafunda mawili tu. "Basi tushuke, mama. Siwezi kukupandisha bila maji. Pole sana."

Bibi alikitazama kilele, kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza msichana zaidi. Ndani ya begi ilibaki chupa moja, imejaa. Akiitoa, uongo wake utaonekana. Asipoitoa, Bibi atarudi nyumbani bila kutimiza nadhiri.

Akaitoa. "Hazikuvuja, Bibi. Nilimwaga tatu kwa sababu ya uzito. Nisamehe."

Mwongozaji aliguna. Bibi aliipokea chupa. Alikunywa taratibu, akasuguliwa miguu, akasimama. Walipanda kidogo kidogo, msichana amemshika mkono. Walipofika kileleni, jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia. Bibi alipiga magoti, akashukuru kwa muda mrefu.

Kisha akamvuta mjukuu wake karibu. "Nimekasirika, usidhani sijakasirika," alisema. "Lakini nisikilize. Mzigo ukikushinda, sema umekushinda, nitakupokea. Uongo ni mzigo ambao siwezi kukupokea. Huo utaubeba peke yako."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa kunywa maji, na wewe ni binadamu."