Kitabu Hakirudi Kitupu

Mama Ikupa wa Kyimo alikuwa mwanamke msafi. Nasema msafi, sifanyi mchezo. Uwanja wake ulifagiwa asubuhi, ukafagiwa tena jioni. Sufuria zake ziling'aa mpaka ukaona meno yako. Na ukija na matope ya mvua zetu hizi, ulisimamishwa mlangoni kama mwizi.

"Kanyaga gunia kwanza," alikuambia. "Kanyaga tena. Na kisigino!"

Mume wake, Meshaki, alikuwa amekwisha kuzoea. Akitoka shambani, alianza kuvua viatu akiwa bado kwenye migomba.

Ilikuwa miaka ya tisini. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa tena. Sabuni ipo, sukari ipo, mitumba ndiyo usiseme. Lakini kitabu cha hadithi, cha mtoto wa darasa la tano kusoma akacheka, hukukiona. Watoto walikuwa na vitabu vya masomo tu, na hivyo waligombania.

Kwa hiyo ilikuwa sherehe siku ile Mwalimu Imakulata alipoleta sanduku. Mwalimu Imakulata alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa na masanduku machache ya vitabu vya watoto, akiyazungusha vijijini. Wazazi wa Kyimo walikutana wamchague mtu wa kulitunza sanduku lao. Hawakuchukua muda. Nyumba ya mama Ikupa haivuji, na mwenyewe ni msafi. Nani tena?

"Lakini sikilizeni," alisema Mwalimu. "Sanduku linakaa panaposomwa. Nikirudi nikikuta hamsomi, nalibeba nalipeleka Nkunga. Watoto wa kule wananisumbua kila siku."

"Ondoa shaka, Mwalimu," alijibu mama Ikupa. "Kwangu havitapata hata doa."

Ikupa, binti yake wa darasa la tano, alisikia maneno hayo akapiga makofi. Maskini, hakujua.

Mama Ikupa alinunua mifuko ya nailoni. Kila kitabu alikivalisha mfuko wake, akaufunga kwa uzi. Akavipanga ndani ya sanduku. Akafunga kufuli, akalisukuma sanduku chini ya kitanda. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Mtoto wa kwanza kuja alikuwa Abeli, mtoto wa jirani yao Tulinagwe.

"Shikamoo, mama Ikupa. Nimekuja kuazima kitabu."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe mikono."

Abeli akaonyesha. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Kanawe."

Akanawa, akarudi. Vidole vyeusi.

"Kwa sabuni, Abeli!"

Akanawa kwa sabuni mpaka povu likamwagika miguuni. Vidole vyeusi vilevile.

Sasa, nani wa Rungwe asiyejua habari hii? Mtoto wetu anamenya ndizi mbichi kila siku. Utomvu wa ndizi ukikaukia kidoleni, hautoki leo wala kesho. Jumamosi anakwenda kuchuma chai na mama yake, na chai nayo inaongeza weusi wake. Watoto wa Kyimo wote walikuwa na vidole vya namna hiyo. Walikuja mmoja mmoja, wakaonyesha mikono, wakarudi kwao mikono mitupu.

"Lakini mama," alisema Ikupa, "hata vidole vyako ni vyeusi."

"Ndiyo maana na mimi sivigusi," alijibu mama yake.

Meshaki alicheka chinichini, akaangalia pembeni. Ugomvi hakuutaka.

Ikupa alibembeleza sana. Mwishowe mama yake alimtolea kitabu kimoja, akamfunga vitambaa mikononi kama mgonjwa, akamwambia asome akiwa amekaa juu ya mkeka. Kilikuwa kitabu cha pacha wawili waliookota redio mbovu, na redio ile ikaanza kutangaza habari za kesho. Ikupa alikisoma chote. Moyo ulimjaa furaha, akawa hana mtu wa kumwambia. Akakimbia kwa Abeli, akamsimulia kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho.

Abeli alisikiliza. Kisha akasema, "Haya, imekwisha. Sasa kukisoma ya nini?"

Ikupa akarudi nyumbani akiburuta miguu.

Mvua za masika zilianza. Mnazijua mvua za Tukuyu. Nguo ukiianika Jumatatu, Ijumaa bado unaikamua. Katikati ya mvua hizo Mwalimu Imakulata akapiga hodi. Alikanyaga gunia bila kuambiwa, akakaribishwa.

"Ugonile, mama Ikupa!" alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Mwalimu, karibu. Njoo uone jinsi nilivyovitunza."

Mama Ikupa alivuta sanduku kwa fahari. Akafungua kufuli, akainua kifuniko. Harufu nzito ya uvundo ikatoka. Akafungua mfuko wa kwanza. Kitabu kilikuwa na madoa meupe na ya kijani. Akafungua wa pili. Vilevile.

"Toba!" alisema. "Ukungu? Nyumbani kwangu mimi?"

Alikaa chini kwa aibu. Mwalimu alifungua kitabu kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vizima. Lakini kurasa zake zilikuwa zimeshikana bado, kama siku vilipotoka kiwandani.

"Hivi vimesomwa na nani?" aliuliza.

Mama Ikupa akaokota mfuko wa nailoni, akaanza kuukunja.

"Basi nimeelewa." Mwalimu alifunga sanduku, akalinyanyua. "Hamkosi uaminifu, mama Ikupa. Lakini tulipatana. Nkunga wanavisubiri."

Ikupa alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwalimu, usivichukue. Nimesoma kimoja tu. Vingine vyote bado sivijui."

"Nipishe, mwanangu."

"Sikupishi," alisema Ikupa, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

Mtoto kumjibu mkubwa hivyo, kwetu haijazoeleka. Meshaki alitaka kumkemea. Lakini mama Ikupa aliinuka, akasimama kando ya binti yake.

"Kosa si la watoto, Mwalimu. Kosa ni langu. Niliwazuia kwa sababu ya mikono. Tazama ya huyu. Ingekuwa wewe, ungempa?"

Mwalimu akatazama vidole vya Ikupa. Akaweka sanduku chini. Akaanza kucheka, kicheko chake kile, mpaka kuku wakakimbia uwanjani.

"Mikono? Kumbe ni mikono? Nileteeni karatasi nyeupe."

Ikupa akaleta.

"Mama Ikupa, nawa. Jifute, ikauke kabisa. Sasa sugua vidole vyako hapa kwenye karatasi. Sugua kwa nguvu!"

Mama Ikupa akasugua. Akainua karatasi, akaitazama. Ilikuwa nyeupe.

"Umeona?" alisema Mwalimu. "Utomvu uliokwisha kukauka hauhami kidoleni. Huo ni rangi ya kazi, si uchafu. Kinachoharibu kitabu ni maji, mafuta na matope. Mtoto anawe, ajifute, mikono ikauke, basi. Na nailoni yako ndiyo iliyoleta ukungu. Inafungia unyevu ndani. Kitabu kinataka hewa kama mtu."

"Na hivi vilivyoharibika?"

"Havijafa. Vifungue, uvisimamishe mahali penye upepo, si juani, maana jua linakunja karatasi. Vikikauka, vipanguse kwa kitambaa kikavu, ukiwa nje. Kisha vivalishe jalada la gazeti au la mfuko wa saruji. Viweke juu ya rafu, mbali na ukuta."

"Nitafanya leo leo."

"Ngoja, bado. Kufungua mlango si kusomesha. Watoto wamekwisha kukata tamaa. Utawarudishaje?"

"Nitawaambia waje, vitabu ni vizuri."

"Vizuri vipi? Umekisoma kipi?"

Mama Ikupa akainamisha kichwa. Alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Tangu hapo alikuwa akisoma Biblia kanisani na maandishi ya mfuko wa mbolea.

"Sijasoma hata kimoja."

"Huwezi kusifia mboga usiyoionja," alisema Mwalimu. "Soma kwanza. Kisha mtazame mtoto. Huyu anapenda nini? Mpe kinachomfaa yeye, si unachokipenda wewe. Msimulie mwanzo, mpaka pale panapochoma. Hapo nyamaza."

Ikupa alifumba macho. "Mimi nilimwambia Abeli mpaka mwisho."

"Ndiyo maana hakukitaka! Umemlisha, ameshiba. Sasa nikuulize, mama Ikupa. Jirani akikuletea maharage ndani ya sahani, unairudisha vipi?"

"Siirudishi tupu! Ni aibu. Natia ndizi, au parachichi, chochote."

"Haya. Na kitabu kisirudi kitupu. Mtoto anayekirudisha akirudishe na neno. Kilimchekesha wapi, kilimchosha wapi, na nani mwingine kinamfaa. Neno hilo ndilo litakalompata msomaji mwingine." Mwalimu akasimama, akajifunga kitenge. "Baada ya Pasaka napita tena. Nikikuta vimelala, safari hiyo sibembelezwi."

Siku ile ile vitabu vilianikwa barazani. Mama Ikupa alichagua kimoja, cha msichana aliyefuata nyuki mpaka akapotea msitu wa mlimani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akasogea kwenye kurasa za katikati. Msichana amezingirwa na ukungu, usiku unaingia, nyuki hawaonekani.

"Mama Ikupa," aliita Meshaki, "kuna kitu kinaungua."

"Subiri."

"Ni ndizi zetu zinaungua!"

"Nimesema subiri, baba Ikupa! Huyu mtoto bado hajatoka msituni!"

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Meshaki alikula ndizi nyeusi, na sufuria ililala haijasuguliwa.

Sasa kuna mahali pamoja Kyimo ambapo watu hukaa bure bila kazi. Ni banda la kupimia chai. Ukishachuma, unapeleka kapu lako, unasubiri lori la kiwanda. Mvua ikinyesha, lori linakwama, mnasubiri mpaka mnajuana majina ya babu zenu. Jumamosi iliyofuata mama Ikupa alifika pale na kapu la chai mgongoni na mkoba wa vitabu kifuani. Alikuja pia na maji, sabuni na taulo.

Abeli alikuwa amekaa juu ya gogo, karibu na mama yake Tulinagwe.

"Mimi sitaki," alisema mapema. "Nimeambiwa chote."

"Sijakuuliza," alisema mama Ikupa. Akajifuta mikono, akakaa, akaanza kuongea na Tulinagwe kana kwamba Abeli hayupo. "Mama Abeli, kuna mtoto humu kitabuni, mtundu kama huyu wako. Aliunda darubini kwa chupa na vigae vya kioo. Siku moja akaielekeza juu ya paa la shule. Akaona mtu amelala juu ya paa, mchana, watu wote wako darasani. Mtu yule akageuza kichwa, akamtazama moja kwa moja."

Akanyamaza, akaanza kupanga majani kwenye kapu lake.

"Halafu?" aliuliza Tulinagwe.

"Chai ya leo ni nzuri," alisema mama Ikupa.

"Halafu, mama Ikupa?" aliuliza Abeli, amekwisha kusimama.

"Halafu kanawe mikono."

Abeli alikasirika kabisa. Akanawa, akajifuta mpaka viwiko, akachukua kitabu. Lori lilipokuja, watu walimwita kushika kapu, hakusikia.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Watoto walichukua vitabu bandani, wakavirudisha bandani. Na hakuna aliyekirudisha kitupu. Mmoja alisema, "Hiki mpe mwenye dada mkali, atacheka." Mwingine akasema, "Hiki mwanzo kinachosha, vumilia mpaka mto unapofurika." Walibishana. Wamama nao wakaanza kusikiliza, kisha wakaanza kuazima. Ikupa alijifunza kukaa kimya pale panapochoma, ingawa mdomo ulimwasha.

Ila Abeli alirudisha kitabu chake amenuna.

"Mwisho wake ni mbaya," alisema. "Yule mtu wa juu ya paa hawezi kuondoka hivi hivi."

"Wewe ungemalizaje?" aliuliza Ikupa.

"Ningemfanya fundi wa mabati anayemtafuta mwanawe."

"Si uandike?"

Abeli akaandika. Aliandika juu ya karatasi za mitihani ya zamani, upande usiotumika. Mama yake akazishona kwa uzi mweusi.

Pasaka ikapita. Mwalimu Imakulata akaja. Alikaribishwa parachichi na mahindi ya kuchoma, akala kwa raha. Kisha akaomba sanduku. Mama Ikupa alilileta. Mwalimu akainua kifuniko.

Sanduku lilikuwa tupu. Hata kitabu kimoja hakikuwemo.

"Viko wapi?"

"Sijui, Mwalimu," alisema mama Ikupa. "Yaani najua kimoja kiko kwa nani, lakini kikitoka kwake kinakwenda kwa mwingine kabla ya kufika hapa. Unisamehe. Vingine vina alama za vidole vya watoto, na kimoja kimeng'atwa na mbuzi."

Mwalimu alimtazama. Kisha akamkumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

"Sanduku haliondoki," alisema. "Vile ambavyo wote mmekwisha kuvisoma, nipeni nipeleke Nkunga, pamoja na maneno yenu. Nitawaambia watoto wa kule, hiki kimesifiwa na Ikupa wa Kyimo."

Ikupa alirukaruka uwanjani kama ndama.

Abeli alikuwa amesimama kando, ameficha kitu mgongoni. Ikupa akamsukuma mbele. Akatoa kitabu chake cha uzi mweusi.

"Na hiki je, kinaweza kwenda Nkunga?"

"Umeandika wewe?" Mwalimu macho yalimlowa. Akanyoosha mkono haraka kukipokea. "Kilete, mwanangu, nikisome sasa hivi!"

"Ngoja kwanza, Mwalimu!"

Ilikuwa sauti ya mama Ikupa. Alikuwa amesimama kati yao, birika la maji mkono mmoja, taulo mkono mwingine. Wote wakatazama vidole vya Mwalimu. Vilikuwa vinateleza kwa parachichi, na masizi ya mahindi juu yake.

Mwalimu akacheka, akainama, akanawa.