Alitubu, Aibu Ikawa Yangu

"Bwana asifiwe, ndugu!"

"Asifiwe!"

"Naitwa Micah. Nimeokoka. Leo nataka kutembea nuruni, sitaki kuficha kitu. Mimi nilifanya uzinzi na Nekoye, binti ya mzee Nyongesa wa landhi za reli. Yeye huyo ameketi pale."

Akanionyesha kwa kidole. Kwa kidole, jamani, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani!

Mkutano mzima ukageuka kunitazama. Tulikuwa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, Nakuru, Jumapili alasiri ya mwaka wa hamsini na saba, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Huo ndio uliokuwa mtindo wa waliookoka: mtu husimama, hutaja dhambi yake mbele ya wote, kisha huimbiwa na kukumbatiwa. Micah aliimbiwa. Alikumbatiwa mpaka kola ya shati ikapinda. Mama aliyeketi karibu nami akamvuta binti yake asigusane nami.

Na asubuhi ileile mchungaji alikuwa ametangaza ndoa yangu na Wamalwa, seremala wa karakana ya reli. Wamalwa alikuwapo pale kwenye nyasi, upande wa wanaume. Nilimwona akiinuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila kunitazama.

Wimbo haujaisha, Mwalimu Owino, kiongozi wa mkutano, akaja kuinama mbele yangu.

"Dada Nekoye, ndugu ametua mzigo wake. Na wewe simama utue wako."

"Ameutua, mwalimu, ama amenitwika mimi?"

"Usifanye moyo ngumu. Hii maneno ni kweli ama ni uongo?"

"Ni nusu."

"Kwa Mungu hakuna nusu. Jumapili ijayo utasimama utubu. Ukikataa, nitaambia mchungaji hiyo ndoa isitangazwe tena."

Nusu aliyoiacha Micah ni hii. Yeye ndiye aliyenichumbia kwanza, kabla ya Wamalwa. Nilipokataa kulala naye kabla ya ndoa, alichukua Biblia ya baba yangu pale mezani, akaweka mkono juu yake, akasema, "Mungu aniue nisipokuoa." Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa. Nilifundishwa kwamba Biblia haichezewi, kwa hiyo nikamwamini. Alipopata alichotaka, alianza kunipita barabarani kama mtu asiyenijua.

Wamalwa nilimwambia yote siku aliponiposa, isipokuwa jina. Jina hakuuliza. Alisema tu, "Yaliyopita si ndwele." Kumbe mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa akinywa naye chai kila siku kwenye kibanda cha mbele ya stesheni!

Nyumbani kwetu landhini, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilimkuta baba ameketi gizani, taa hajawasha.

"Baba, umesikia?"

"Landhi yote imesikia. Mama, simama utubu, haya maneno yaishe."

"Mimi nitubu, na yeye aliyeapa juu ya Biblia yako?"

"Biblia gani?"

"Hiyo iko mezani. Aliapa atanioa."

Baba akawasha taa, akaitazama ile Biblia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefukuza nani, baba? Yeye ama mimi?"

Nilimpenda baba yangu, lakini jibu tulilijua sote wawili.

Wiki ile Wamalwa hakuonekana. Kwake nilikuta mlango umefungwa. Kule karakana wakaniambia anakuja kazini na kuondoka haongei na mtu. Aliyekuja kwangu ni Micah! Alikuja mchana kweupe, nikiwa nafua mlangoni, shati jeupe, meno nje.

"Bwana asifiwe, dada. Nimekuja kuona kama uko na amani. Mimi niko na amani mingi sana."

"Lazima uwe nayo. Ni yangu ulichukua."

"Usiseme hivyo. Mimi nimeshasamehewa."

"Na nani?"

"Na Bwana."

"Bwana ndiye ulimdanganya utamuoa?"

Akageuka kuangalia kama majirani wanasikia. Sauti ikashuka.

"Nekoye, hiyo ya Biblia usitaje Jumapili, tafadhali. Ndugu wanataka kunifanya mhubiri. Uzinzi wanasamehe haraka, lakini kuapa uongo juu ya Neno…"

"Kwa hivyo ulitubu ile nyepesi."

"Dada, mimi nakuombea."

"Toka kwa mlango wa baba yangu kabla sijakumwagia haya maji."

Alitoka mbio. Niliketi chini nikalia, si kwa sababu yake. Nililia kwa sababu Wamalwa hakuwepo.

Jumapili watu walijaa kuliko siku zote. Dhambi ya mtu mwingine haikosi wasikilizaji. Mwalimu Owino akaniita, nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Kabla sijatubu, nataka kumuuliza ndugu Micah swali moja. Ulipookoka ulikuwa na spana ya trekta uliyomwibia mzungu wa shamba la Njoro. Ulifanya nini nayo?"

Micah uso ukang'aa. Huo ulikuwa ushuhuda wake anaoupenda.

"Asifiwe! Nilienda kwa miguu mpaka kwake. Nikavua kofia, nikamwekea spana yake mkononi, nikasema, bwana, nisamehe."

"Ulienda kwake kabla ya kuambia mkutano, ama baada?"

"Kabla! Lazima kwanza uende kwa mwenyewe uliyemkosea."

"Na kwangu ulikuja lini?"

Upande wa wanawake mtu mmoja akaguna.

"Mzungu wa spana ulimwendea kwake, ukavua kofia. Mimi ukaniletea mkutano! Sasa waambie uliniapia nini."

"Dada, shetani wakati huo alikuwa…"

"Micah," Mwalimu Owino akamkatiza, "hatujauliza shetani. Uliapa?"

"Niliapa."

"Uliapa nini?"

"Kwamba nitamuoa."

"Juu ya nini?"

Baba yangu ndiye aliyesimama kujibu.

"Juu ya Biblia yangu. Ndani ya nyumba yangu."

Micah akapiga magoti pale kwenye nyasi, na papo hapo sauti moja ikaanzisha wimbo.

"Msiimbe!" nikapiga kelele. "Mkishaimba, huyu anatoka hapa mweupe, na mimi nabaki na jina. Msimwimbie!"

Wimbo ukakatika.

"Nekoye, nisamehe," Micah akasema, machozi yakimtoka.

"Msamaha wa Mungu umepata bure. Wangu utangoja."

"Dada," Mwalimu Owino akasema kwa upole, "mtu aliyeokoka husamehe papo hapo."

"Basi, mwalimu, mimi sijaokoka."

Nikachukua shali yangu nikaondoka. Hakuna aliyenizuia. Nje ya ua wa kanisa, Wamalwa alikuwa ameegemea mti wa mvule, kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza. Hasira yote niliyobaki nayo nilimtupia yeye.

"Nilikuwa namkwepa huyo mtu. Ningemshika, ningemvunja."

"Na mimi? Mimi pia ulikuwa unanikwepa?"

"Wewe nilikuacha peke yako. Hapo sina neno la kujitetea. Nimekosa, Nekoye. Nisamehe."

Hakutaja shetani. Hakusema ananiombea. Huyo nilimsamehe kabla hajamaliza.

"Bado unataka kunioa, na Nakuru yote inajua?"

"Mimi nilijua kabla ya Nakuru."

Baadaye Mwalimu Owino alikuja nyumbani kusema matangazo ya kanisani yanaweza kuendelea. Wamalwa alimshukuru na kumkaribisha chai. Lakini ndoa tulienda kuifunga bomani, mbele ya DC, mkuu wa wilaya, na baba yangu mzee wa kanisa akatembea nasi njia nzima amevaa koti lake la Jumapili.

Micah walimfanya mhubiri hata hivyo. Siku moja jirani aliyekuwa ametoka kumsikiliza akaniita kwenye bomba la maji.

"Mama, ungemsikia leo akihubiri juu ya toba! Wallahi ungelia."

"Nililia zamani," nikamwambia, nikajitwisha debe langu nikaenda kwangu.