Matawi ya Kauko

Barafu haikupasuka kwa kishindo. Ingepasuka kwa kishindo, Helka angepata japo nafasi ya kupiga kelele. Ililegea tu, maji ya kijivu yakapanda juu yake, na mzee Armas aliyetangulia mbele akateremka mzimamzima na skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kama mtu aliyekosa ngazi.

"Rudi nyuma!" Hilo ndilo pekee alilowahi kusema kabla maji hayajamfika kidevuni.

Kamba iliyofungwa kiunoni mwake ikakazika. Mwisho wa kamba ile palikuwa na kile kigari cha kuburuta, kisicho na magurudumu, kimesheheni nguo kavu, chakula, simu zao wote wawili, na chungu cha majivu ya mwili wa Kauko Niskala, baba yake Helka, waliyokuwa wakiyapeleka kisiwani. Kigari kiliyumba ukingoni, kikatumbukia. Mkondo ukakidaka, ukaanza kumvuta Armas chini ya barafu.

Na walikuwa kwenye njia yenyewe, hawakuiacha! Hapo ndipo penye uchungu. Kushoto kwao tawi la msonobari lilisimama wima kwenye theluji, mbele tawi jingine, na jingine, mpaka macho yalipokoma. Bahari ikishaganda, watu wa mji ule huvuka kwenda Kisiwa cha Sili kwa kufuata matawi, na mwenye kuyachomeka alikuwa Kauko. Hakulipwa hata senti. Kila mara alitoka na mtaimbo wake, akaigonga barafu, akang'oa tawi hapa akalisimika pale, kwa maana mkondo huila barafu kutoka chini na kwa juu huoni kitu. Kisha Januari moyo wake ukasimama katikati ya mashindano ya skii ya wazee, kwenye kilima, namba ikiwa kifuani. Siku ya mazishi, watu wakinywa kahawa, Helka alisimama akasema, "Naomba matawi ya baba yasiguswe. Yabaki kama alivyoyaacha." Watu wazima walilia. Hakuna aliyeyagusa. Nayo barafu, ambayo haikualikwa mazishini, ikaendelea kuliwa.

Helka alijitupa kifudifudi akatambaa. Armas alikuwa ameshachomoa misumari yake ya barafu, ile miwili yenye vishikio vya mti ambayo kila mvuvi huivaa shingoni, akaichoma ukingoni. Kila alipojivuta shubiri, kamba ilimrudisha.

"Kata!" alikoroma.

Helka kisu alikuwa nacho mkononi. Mkono ndio uliokataa.

"Baba yumo mle!"

"Baba yako ameshakufa, mtoto wewe! Mimi bado! Kata!"

Akakata. Kamba ilichapa maji, ikapotea chini ya barafu na vyote vilivyofungwa nayo. Helka hakupata muda wa kuangalia. Alimsukumia mzee fimbo ya skii, akang'ang'ania upande wake mpaka mabega yakalia, na Armas akatoka majini tumbo kwanza, skii zimemtoka miguuni, akitapika maji ya chumvi.

"Jigaragaze!" Helka alimpigia kelele. "Theluji inyonye maji! Jigaragaze, mzee!"

Armas akagaragara. Alipotulia alilala chali, meno yakigongana.

"Kanishinda tena, mshenzi yule," alisema. "Hata kuzama kanitangulia."

Maana Armas alikuwa wa pili. Ukitaja skii katika mji ule, ulitaja Kauko wa kwanza na Armas wa pili, mwaka nenda mwaka rudi, na bado wawili hawa walivua pamoja, wakawinda pamoja, wakatukanana kwa mapenzi kama mashemeji. Kombe la wilaya Kauko alilichukua mara nyingi hadi wakamwachia moja kwa moja. Alilipeleka kwenye kibanda chake cha uvuvi kisiwani, akawa anawekea ndoana.

Upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka nchi kavu na theluji ndani yake. Pwani ilikuwa mbali na ingekuwa ni kwenda uso kwa uso na upepo. Kisiwa kilikuwa karibu zaidi, ila hakikuonekana tena.

"Tufuate matawi?" Armas aliuliza.

"Matawi hayajui kitu," Helka alisema. "Upepo tuuweke mgongoni, tukizunguka mbali na mkondo. Nitagonga."

Alimvisha koti lake na glavu zake, akabaki na sweta. Akavua skii, akashika fimbo, akaigonga barafu kama alivyofundishwa utotoni. Ikijibu kavu, pita. Ikijibu kama mlango wa chumba kitupu, rudi. Aligonga, akasikiliza, akapiga hatua, akagonga. Mara mbili chumba kilikuwa kitupu na ikabidi warudi walikotoka. Nyuma yake suruali ya Armas ilikuwa imeganda, inalia kama bati. Kisha bati likanyamaza.

Alipogeuka alimkuta amekaa kitako, anatabasamu.

"Napumzika kidogo, binti. Baridi imepungua."

Helka akaingiwa na hofu kubwa kuliko ya mwanzo, maana alijua mtu akisema hivyo amebakiza nini. Alimvuta, hakuvutika. Alimpiga kofi, hakuhisi. Basi akamwinamia sikioni.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa wa pili kila mwaka."

Jicho moja likafunguka. "Mwaka ule nilivunjikiwa na fimbo."

"Ulivunjikiwa na fimbo kila mwaka?"

"Mjinga wewe! Una adabu za baba yako!"

"Baba alisema Armas akiona kilima huanza kutafuta mahali pa kukaa."

"Mwongo! Mwongo mkubwa!" Akasimama kwa hasira, akayumba, akamshika Helka begani, akatembea. Njia nzima Helka alimtukana, huku machozi yakimgandia mashavuni, na njia nzima mzee alimjibu. Fimbo ilipogonga jiwe badala ya barafu walikuwa bado wanabishana.

Kibandani giza lilikuwa limeanza kuingia. Vidole vya Helka vilikuwa vimekufa, havimjui bwana wala bibi. Lakini jiko la chuma lilikuwa limeshapangwa: magome makavu chini, vijiti katikati, magogo juu, na kiberiti kwenye ukingo wake, njiti moja imechomozwa nje ya kisanduku. Kauko hakuwahi kufunga kibanda kile bila kumpangia moto mgeni asiyemjua, wala bila kuchomoza njiti, kwa ajili ya mikono isiyoweza kuchagua. Helka akaing'ata, akaiwasha kwa meno na kiganja. Moto ukashika mara moja.

Alimvua Armas nguo, akamviringisha ndani ya magodoro. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

"Visugue," mzee alisema.

"Visisuguliwe. Vitachunika."

Sufuria haikuwepo. Helka akamwaga ndoana kutoka kwenye kombe la wilaya, akalijaza theluji, akaiyeyusha jikoni, akamnywesha taratibu. Armas alilishika kombe kwa mikono yote miwili, akalitazama.

"Maisha yangu yote nimelitamani hili," alisema. "Kumbe linanuka samaki."

Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Helka naye akavunjika.

"Mimi ndiye niliyesema yasiguswe."

"Na mimi ndiye niliyelia kuliko wote uliposema. Ongeza kuni."

Upepo ulipokufa, Taisto wa bandarini aliuona moshi kisiwani, akaja na chombo kile kinachopita majini na juu ya barafu. Helka alikataa kuondoka kabla hajapanga jiko upya na kuchomoza njiti. Taisto alifikiri amechanganyikiwa, lakini akangoja.

Hospitali ilikata vidole vyote vya mguu wa kushoto wa Armas, na baadhi ya vile vya kulia. Skii, basi tena.

Jumapili iliyofuata Helka alishuka baharini na mtaimbo wa baba yake. Alilifikia tawi la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akaling'oa. Watu waliotoka kanisani wakasimama pwani. Bi Vieno, aliyekuwa akimfulia Kauko mashati tangu Kauko afiwe na mke, akashindwa kuvumilia.

"Unamng'oa baba yako, Helka? Mbele za watu?"

"Simng'oi, mama. Namsogeza."

Aligonga barafu, akasikiliza, akasonga pembeni, akagonga tena. Pwani, juu ya kiti cha kutelezea, alikaa Armas, miguu imefungwa bendeji mpaka magotini, blanketi mapajani.

"Kushoto!" akapaza sauti iliyokwaruza. "Kushoto zaidi! Baba yako alikuwa mwongo, lakini hakuwa kipofu!"

Helka akasogea kushoto. Akagonga. Ikajibu kavu, akachomeka tawi.