Tochi Zenye Karatasi Tumboni

Haya alinisimulia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwaka ule alipoacha kazi kiwandani. Tulikuwa tumekaa sakafuni tunakunja nguo.

Kazi yake ilikuwa kupima kama tochi zinaingiza maji. Chumba chao kilikuwa na mapipa, meza ya bati na harufu ya mpira mpya. Anatoa betri, anajaza karatasi kavu mahali pake, anakaza kifuniko, anazamisha. Akifungua akakuta karatasi imelowa, tochi haifai. Bosi akasema mapipa ni mchezo wa kitoto, tochi za wavuvi zikapimwe baharini. Basi wakatoka kwa boti ya injini, yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha. Wakazamisha mfuko wa wavu uliojaa tochi, wakangoja.

Walipokuwa wanauvuta, upepo ukageuka. Wimbi la kwanza lilizima injini. La pili liliwabeba hadi kwenye jabali lililosimama peke yake mbali na nchi kavu, boti ikapasuka kama yai. Ubao ukamchana shemeji chini ya goti hadi mfupa ukaonekana. Wifi akamburuta juu kwa ukosi wa shati, mkono mwingine umeng'ang'ania kamba ya mfuko, hata hajui kwa nini.

Kwa kamba hiyo akamfunga mguu.

"Kaza," shemeji akasema. "Kaza tena. Maji ya kunywa?"

"Dumu limekwenda na boti."

Giza lilipoingia, taa za meli zikapita mbali.

"Washa tochi, shemeji! Washa zote!"

Wifi akaushika mfuko, asiufungue.

"Unangoja nini?"

"Hazina betri. Ndani nimeweka karatasi."

Shemeji akacheka, kicheko kibaya kama kikohozi. "Mfuko mzima wa tochi, na sisi tumekaa gizani! Kweli kaka yangu alijua kuoa."

"Cheka tu, mradi usilale."

Akamfinya masikio usiku kucha. Kesho yake ikapita, mawingu yametanda, hakuna chombo, hakuna tone la mvua. Asubuhi iliyofuata ulimi wa wifi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Mguu wa shemeji ulikuwa mweusi, unanuka, naye ameanza kumwita mama. Wifi akajua kwamba wasipoonwa leo, atamrudishia mumewe maiti.

Kwa mbali palikuwa na boti ya wavuvi, ndogo kama inzi. Mfukoni mwa shemeji mlikuwa na kiberiti cha gesi. Wifi alikuwa amekikausha kwapani, na kilishika moto. Lakini akiwashe nini? Viota vya zamani vya ndege pale jabalini vilikuwa vimerushiwa maji ya mawimbi. Vikafuka kidogo, vikafa.

Ndipo akazikumbuka karatasi.

Tochi ya kwanza ilitoa uji. Ya pili, uji. Akatupa kando, akafungua, akatupa. Tochi hizihizi zilifaulu kwenye pipa, na nyingine kama hizo watu walikuwa wameshazinunua madukani.

"Bado?" shemeji akanong'ona.

"Usiniulize."

Mfuko wote ulitoa karatasi kavu mbili. Akalala kifudifudi kuzuia upepo, akawasha moja. Ikaungua yote, kiota hakikushika. Akakaa akiitazama ile ya mwisho. Kisha akapasua kiota, akachokonoa manyoya makavu ya katikati, akayaweka juu ya karatasi, akawasha, akakinga kwa viganja. Viganja vikaungua. Hakuviondoa.

Moto ukashika. Akatupia vipande vya boti vilivyokwama jabalini, halafu tochi zenyewe, plastiki na mpira, moja baada ya nyingine, mpaka moshi mweusi ukasimama juu ya jabali kama nguzo.

Ile boti ikageuka.

Hospitalini, shemeji alipozinduka, aliuliza bila kutazama chini.

"Wamekata?"

"Wamekata. Goti wameliacha."

"Kaka anajua?"

"Yuko nje, analia kuliko mtoto mchanga."

"Mwambie aje nimcheke." Akageukia ukuta, akapotelea usingizini.

Nesi akaja kuzima taa. "Iache," wifi akasema. Akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda, mkono uliofungwa bandeji juu ya kifua cha shemeji, asikie kila kinapopanda na kinaposhuka. Ndani ya bandeji vidole viliendelea kujikunja na kuzunguka, vinafungua vifuniko. Muda ukapita, vikatulia.