Mgeni wa Sakafuni

Hodi ilitoka chini ya sakafu, na Eliana akaijibu.

Hakufikiri. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, ikagongwa ngo, ngo, ngo, akasema "Karibu!" kama alivyozoezwa tangu utotoni Kigoma, kabla wazazi wake hawajarudi Burundi. Ndipo akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, na anayekataa ni mwongo. Ghorofani, Rumonge mjini, sakafu ya mbao tupu zilizopakwa vanishi mpaka zinang'aa. Eliana aliipanga kwa ajili ya mbao hizo. Binti yake Anita alikuwa bado anatambaa, na saruji baridi ya kule walikotoka ilimkoromesha kifua. Daktari alisema mtoto akae pakavu, la sivyo watampoteza.

Akashuka kwa mwenye nyumba, Wenceslaus.

"Nani iko anagonga huku chini?"

"Chini ni stoo ya mawese, mama Anita. Tuingie uone."

Wakafungua. Madumu tu. Na dari ilikuwa juu mno. Wenceslaus, mrefu vile, hakuifikia hata kwa ufagio.

"Hizi mbao umezitoa wapi? Usinizungushe."

Wenceslaus akajikuna shingo. "Boti ilizama ziwani, kule Kabonga. Tuliivuta, tukaipasua. Mbao nzuri vile, zioze bure?"

"Na watu?"

"Walitoka. Isipokuwa mama mumoja."

Tangu hapo nyumba ikanuka matope na ndagala mbichi, wale dagaa wa ziwani. Mahali pamoja katikati ya sakafu pakawa pabichi, upana wa mtu aliyeketi. Eliana alipafuta, pakarudi. Kifua cha Anita kikaanza kukoroma upya, lakini mtoto hakubanduka pale. Alitambaa mpaka kwenye ule ubichi, akaegemea nyuma, mahali pasipo na kitu cha kuegemea, akacheka kama aliyepakatwa.

Na mchana mmoja Eliana alipotoka jikoni na bakuli la uji akamkuta Anita, mtoto ambaye hajawahi kusimama bila kushika kiti, anavuka chumba hatua kwa hatua, mkono mmoja ameuinua juu, vidole vimefumbwa ndani ya kitu kisichoonekana, na kando ya nyayo zake ndogo mbao zinalia kwa uzito wa mtu mzima, kri, kri, zikielekea mlangoni, zikielekea ngazi, uji ulimwagika wote miguuni mwa Eliana na wala hakusikia moto wake.

Alimbeba mtoto mbio hadi kwa Bi Tahira, bibi wa Kiislamu anayetoa majini, nyumba ya nyuma. Bibi alisikiliza, akauliza jambo moja.

"Ulimujibu?"

"Nilisema karibu."

"Eh! Ninyi wa Tanzania, adabu itawamaliza." Hakucheka. "Angeingia kwa nguvu ningemufukuza. Huyu ni mugeni wako, umemusemesha mwenyewe. Basi umusindikize mwenyewe. Mpaka ziwani. Umuambie kwaheri, lakini 'ya kuonana' usiiseme. Ukiisema, umemupa ruhusa ya kurudi."

"Nitajuaje ameenda?"

Bibi akashusha sauti. "Mutoto ataanguka."

Basi Eliana akarudi ghorofani, akamweka Anita sakafuni, akasema, "Mgeni, twende nikusindikize." Mkono wa mtoto ukainuka. Yeye akaushika ule mwingine.

Wakapita sokoni hivyo, mtoto katikati.

"Mama Anita! Mutoto ametembea! Hongera!"

"Murakoze, asante," alijibu, akitabasamu kwa nguvu, na kadiri walivyompongeza ndivyo alivyozidi kumwomba Mungu mtoto wake aanguke.

Ufukweni Anita hakusimama. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni, na upande wa pili ulimvuta kwa nguvu, mpaka Eliana akahisi kiwiko cha mwanawe kinatoa mlio.

"Kwaheri!"

Upande ule ukazidi kuvuta.

"Nimesema kwaheri! Mtoto ni wangu!"

Ule mkono ulioinuliwa ukadondoka. Anita akakaa majini puu, akakohoa, akalia. Eliana akamnyakua akicheka na kulia, akimbusu kichwa, na waliokuwa wakianika ndagala wakanong'onezana juu ya mama anayechekelea mwanawe kuanguka.

Lakini Anita alimsukuma kwa miguu yote miwili. Alimnyooshea ziwa mikono, na njia nzima ya kurudi, mpaka sauti ikamkauka, alilia kama mtoto aliyeporwa kwa mama yake.