Laptop Iliyoimba Bila Kuita

"Iwashe nikiona," Naliaka alisema, akaitua laptop juu ya kaunta kama mtu aliyeleta ushahidi kortini.

"Si unisalimie kwanza, Nali."

"Salamu utapata ukishawasha."

Dalmas, fundi wa kompyuta karibu na stesheni ya Ruiru, hakuwa amelala vizuri tangu Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano. Mikono yake ilishika bisibisi, ikaiweka, ikaishika tena. Huyu ndiye msichana aliyetaka kumuoa. Kama bado alitaka, au kama bado anatakwa, hapo mwenyewe alikuwa amepotea.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi alimpeleka mama yake, Mama Wilkister, aliyetoka Siaya, akamwone Naliaka huko Makongeni, Thika. Mama alikuwa na sharti moja: haingii nyumba ya msichana ambaye hajatoka kumpokea barabarani. Simu ya Naliaka ilikuwa imezama kwa tangi la juisi kiwandani anakofanya kazi, basi wakakubaliana Dalmas akifika stage atume ujumbe kwa laptop. Laptop italia ting, Naliaka atoke. Dalmas akatuma. Akatuma tena. Kwa saa moja na nusu mama wa watu alisimama juani na kuku kwapani, vijana wa boda wakimuuliza kuku ni pesa ngapi. Naliaka hakutokea. Mama akageuza, yeye na kuku wake.

"Nilikuwa jikoni," Naliaka alisema. "Nimekuambia mara ngapi? Haikulia."

"Jirani yako Njambi alisema iliimba mchana kutwa. Laptop inayoimba ina sauti, Nali. Hii Linux inayoendesha mashine niliiweka mimi mwenyewe."

"Basi nionyeshe. Mama yako anapanda basi la Siaya saa kumi na moja, saa hii ni saa tisa. Ukipata iko sawa, mimi ni muongo na sitakusumbua tena. Ukipata ina shida, unampigia mama yako hapa hapa."

Dalmas akawasha. Akacheza wimbo, wimbo ukaimba kibanda kizima.

"Unasikia?"

"Nasikia wimbo. Sijakuuliza wimbo. Nitumie ujumbe."

Akatoa simu, akaandika "test". Ujumbe ukatokea kwenye kioo cha laptop, kimya kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Akajaribu tena. Kimya. Akaingia kwenye settings: milio ya ujumbe imewashwa. Akaangalia kama faili za milio zipo: zote zipo. Akaanzisha upya huduma ya sauti. Wimbo ukakatika, ukarudi. Ting haikurudi.

"Mbona unatoa jasho?" Naliaka aliuliza.

"Ni joto."

Mwisho akafungua ukurasa unaoonyesha sauti ya kila kitu peke yake. Mstari wa nyimbo ulikuwa juu kabisa. Chini yake, mstari ulioandikwa System Sounds, yaani milio ya mashine yenyewe, ulikuwa sufuri, na alama ya kuzimwa pembeni.

Mkono uliozima aliujua. Ulikuwa umeshika bisibisi.

Hapa kibandani laptop tano hulala wazi kwa wakati mmoja, hii inalia ujumbe, ile inalilia chaji, mpaka kichwa kinauma. Kwa hivyo akipokea mashine, kabla ya yote, yeye huzima huo mstari. Wiki iliyopita Naliaka alileta hii, bawaba ya kioo ikiwa imevunjika. Alitengeneza bawaba, akajaribu sauti kwa wimbo, wimbo ukaimba, akairudisha.

Kioo kilimtazama yeye. Naliaka alikuwa anatazama saa ukutani.

"Umepata?"

"Update," Dalmas alisema. Neno lilitoka lenyewe, kama lilikuwa limengoja mlangoni.

"Update ndiye nani?"

"Si mtu. Linux hujisasisha, wakati mwingine inavuruga kitu kidogo." Akapandisha mstari. Ting. "Umeona? Imepona."

Naliaka akavuta pumzi ndefu. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Wala si wewe."

"Wala si mimi."

Naliaka alikuwa anakaribia kutabasamu wakati Mzee Mburu, karani wa kanisa, alipoingia na laptop kwapani.

"Fundi, sasa. Hii kitu ulinirudishia Ijumaa inapiga nyimbo za kwaya vizuri kabisa. Lakini chaji ikikaribia kuisha, haisemi. Inazimika tu, mimi niko katikati ya matangazo ya Jumapili. Zamani ilikuwa inanionya."

"Ni update, Mzee."

"Update gani? Hii haijawahi kuona internet tangu izaliwe."

Naliaka akageuka polepole.

"Mzee, mara ya mwisho ilikuwa kwa mikono ya nani?"

"Si huyu huyu."

"Dalmas," Naliaka alisema.

Dalmas akaweka bisibisi chini. "Ni mimi. Huwa nazizima zikinipigia kelele nikifanya kazi. Yako nilisahau kurudisha."

"Kusahau si shida. Kila mtu husahau. Siku nne nimeitwa muongo, nikalia kwa choo cha kiwanda wenzangu wasinione. Na sasa hivi umeona kosa ni lako, ukaniambia update."

"Niliogopa utaenda."

"Mtu anayeenda hatoki Thika mpaka Ruiru amebeba laptop."

"Ngoja ningoje nje," Mzee Mburu alisema.

"Kaa, Mzee. Wewe ni shahidi. Dalmas, piga simu. Weka loudspeaker."

Ikalia mara mbili.

"Nafunga mizigo," Mama Wilkister alisema.

"Mama, kosa la Jumamosi ni langu. Nilizima sauti ya laptop ya Naliaka nikiitengeneza. Ujumbe haukulia. Yeye alikuwa amepika, anangoja."

"Na ulijua lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. Akamtazama Naliaka. "Dakika kumi zilizopita. Nikaficha. Nikashikwa."

"Na nani?"

"Na yeye."

"Mpe simu."

Naliaka akainama. "Habari ya mchana, Mama."

"Mzuri, nyathina, mwanangu. Ulipika nini siku hiyo?"

"Ugali wa wimbi, mboga ya mrenda na samaki."

"Nani alikula?"

"Mimi na jirani. Tukimsema Dalmas."

Mama akacheka kidogo. "Sikiza. Hilo basi naweza kuliacha, lakini siwezi kubaki kwa ajili ya huyo. Nikibaki, ni kwa ajili yako. Nibaki?"

Dalmas alitafuta mahali pa kuweka mikono, akakosa.

"Baki, Mama. Lakini niko na dustcoat ya kiwandani, nanuka nanasi."

"Kuja hivyo hivyo. Niko Mwiki kwa dada yake Dalmas."

Dalmas akaanza kufunga dirisha la kibanda.

"Unaenda wapi?" Naliaka aliuliza. "Maliza ya Mzee, halafu upigie kila mtu uliyemzimia. Ukimaliza, ndiyo uje."

"Nali, wako kumi na saba."

"Basi anza."

Naliaka akaenda. Dalmas akafungua kitabu cha wateja. "Mwalimu Nyawira? Ni fundi Dalmas. Laptop yako imeacha kulia? Ni mimi niliizima... Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo. Pole sana."

Alipomaliza mteja wa sita, ujumbe wa mama uliingia:

"Amefika. Ametusimulia yote, dada yako amecheka mpaka akakaa chini. Harakisha, tunapanga siku ya kupeleka posa kwao Bungoma."

Dalmas akaandika "Nakuja". Akaifuta, akampigia mteja wa saba.