Kibandiko cha Nyuma ya Sikio

Kila asubuhi muuguzi alianzia kitanda cha Chiriku. Ndivyo wodi nzima ilivyomwita msichana yule wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku ya upasuaji alikuwa kimya.

"Leo ulimi wa Chiriku bado umelala?" muuguzi alitania, huku akihesabu vibandiko vya duara kwenye kichwa chake kilichonyolewa. "Saba. Vyote vipo."

Chiriku alitazama ukuta. Jana, baada ya kupigwa picha ya ubongo, kibandiko cha nyuma ya sikio kilimwasha. Alikibandua, akajikuna, akakirudisha kwa kukisia. Akisema, huenda upasuaji ukaahirishwa. Walikuwa wameusubiri miezi minne, na uvimbe wa kwenye ubongo ulizidi kuulegeza mkono wake wa kulia. Hata kalamu ilimponyoka.

"Tusali, mjukuu wangu," bibi yake aliyeketi kando ya kitanda alisema, akafumba macho. "Ee Mungu, waongoze madaktari, wasipotee njia..."

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Ataitikiaje amina, naye ndiye aliyehamisha alama ya njia?

"Bibi, usimalize! Kibandiko kimoja nilikibandua."

"Ala! Kujikuna ulijua, kusema hukujua?"

Daktari wa upasuaji aliitwa. Alisikiliza, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kompyuta hulinganisha vibandiko hivi na picha yako," alieleza. "Ndipo hunionyesha kwenye skrini kifaa changu kimefika wapi ndani ya ubongo. Kibandiko kikihama, ramani inadanganya."

"Nilikihamisha kidogo tu, kama punje ya mchele."

"Humo ndani, mwanangu, punje ya mchele ni safari ndefu."

"Kwa hiyo mtauahirisha upasuaji?"

"Tutakupiga picha upya. Badala ya saa tatu, utaingia saa nane."

Kesho yake, upasuaji ukiwa umekwisha, Chiriku alifumbua macho. Daktari alimpa kidole. "Kibane."

Akakibana kwa mkono wa kulia.

"Taratibu! Bado nakihitaji kazini," daktari alicheka. "Mashine yetu ina macho makali, lakini haikukuona ukijikuna. Ulituonyesha wewe."

"Umesikia?" bibi alisema, akipangusa machozi. "Kosa likisemwa mapema hurekebishika. Likifichwa, huwapoteza hata wanaokusaidia. Haya, ile sala yetu hatukuimaliza."

Safari hii Chiriku aliitikia kabla bibi hajafika mwisho.

"Amina! Bibi, na chakula kinaletwa saa ngapi?"